Naomba ushauri: Datsun 240Z ya mbio iliyojengwa upya, bei ni ya haki?

Kijana wa Mbale: Wakubwa shikamooni. Kuna mzee Jinja ananiuzia Datsun 240Z ya 1972, gari la mbio, limejengwa upya lote. Anataka milioni 85. Silali. Ni bei ya haki?

Babu Tororo: Marahaba. Aina hiyo ndiyo iliyochukua mbio za magari za Safari Rally 1971, ikarudia 1973 mikononi mwa dereva Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Alilingana pointi za adhabu na Harry Källström! Enzi Safari ikipita huku tulikuwa tukijipanga barabarani tangu alfajiri, tunakula vumbi kwa furaha…

Fundi Katwe: Mzee wangu, kijana kauliza bei. Injini gani? Na namba ya bodi iliyogongwa kwenye ukuta wa injini, ule unaoitenga na chumba cha dereva, inasemaje?

Kijana wa Mbale: Injini ni L28, ina nguvu zaidi. Rangi safi, viti vipya.

Fundi Katwe: Nimeuliza namba.

Kijana wa Mbale: Kibati cha namba kinaanza na HS30. Ukutani ni RS30. Lakini mzee kaeleza, bodi ya kwanza ililiwa na kutu. Kadi ni ileile. Halafu nimeshampa milioni 20, na gari la mbio hubadilishwa vipuri siku zote.

Fundi Katwe: HS30 ni 240Z, lakini RS30 ni 260Z, aina iliyoifuata. 240Z ilitoka na injini ya L24, cc 2393. L28 ya cc 2753 ilikuja baadaye. Injini kubadilishwa si tatizo, magari ya mbio ndivyo yalivyo. Historia hushikwa na bodi yenye namba yake, pamoja na karatasi na picha za mashindano. Hapo ulichonacho ni 260Z yenye kibati cha gari lingine. Siku ya kuhamisha umiliki utaulizwa.

Mama Zai: Milioni 20 umetoa, mkeo anajua?

Mpita Njia: Mnapoteza muda. Kajiunga leo, picha hakuna. Hadithi ya kutunga hii.

Babu Tororo: Hata mimi nashangaa, 240Z Jinja nisiisikie?

Kijana wa Mbale: Situngi. Mzee kakataza picha mpaka nimalize malipo.

Mpita Njia: Basi anayetunga ni huyo mzee.

Fundi Katwe: Jumamosi niko Jinja, nitauangalia huo ukuta. Usimwongezee hata shilingi.

Kijana wa Mbale: Fundi, anataka zilizobaki Ijumaa.