Wimbo gani wa Krismasi ukiusikia unakumbuka nyumbani? Tupeane uzoefu

Mjukuu wa Kibosho: Nimeshuka stendi ya Moshi mchana huu, duka moja wamefungulia Boney M, Mary's Boy Child. Nimesimama na mizigo nikajikuta nalia. Kwetu bila kaseti ile Krismasi haikuanza. Watoto kumi na saba chumba kimoja, mashangazi wanagombania sufuria, babu anaulizia mbege, pombe yetu ya ndizi. Nyie je?

Mama Marangu: Huo huo. Mgomba mzima unatikisika.

Mzee wa Santuri: Boney M waliutoa 1978. Harry Belafonte aliurekodi 1956.

Mrombo: Wa Belafonte kwetu haukufika. Tuachie wetu.

Binti Uru: Huo wimbo jamani. Mwaka ule baba na baba mkubwa walikuwa hawasalimiani, ugomvi wa mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Mbuzi kachinjwa, supu ya kisusio iko jikoni, ikafika kugawa kidari. Baba mkubwa akasema chake, baba akashika kisu. Alitaka kukata nyama tu, lakini mama mdogo akapiga yowe, watoto wote tukakimbilia migombani. Redio iko dirishani, wimbo unaendelea. Mara kanda ikanasa. Kimya. Ndipo tukasikia matusi yote, na wakwe wapo. Bibi akatoka jikoni, hana haraka, akaenda pale pale kwenye mpaka wanaougombania, akachuma majani mawili ya sale, akayapiga fundo, akampa kila mmoja. Sale ni jani letu Wachagga la kuombea msamaha, haikataliwi, mnajua. Baba mkubwa alilia kama mtoto. Mimi nikapewa kalamu nizungushe kanda, na uliporudi hakuna aliyebaki kwenye kiti.

Mrombo: Mwili umenisisimka. Kidari kilienda kwa nani?

Binti Uru: Bibi alikipika chote, akawalisha watoto.

Mama Marangu: Gaweni nyama kabla mbege haijamwagwa.

Shemeji Machame: Hapana, wanywe kwanza wapoe. Na kisu ashike mjomba.

Mama Marangu: Wanywe kwanza? Wewe hujaona ndugu zangu!

Wa Sakina: Arusha kwetu ni Feliz Navidad. Marehemu mama Kihispania chote alikiimba kwa sauti ya kwaya, anapindua chapati.

Mzee wa Santuri: José Feliciano, 1970.

Wa Sakina: Asante mzee. Ndiyo huo.

Mjukuu wa Kibosho: Hiace imejaa, tunaondoka. Mwenye wimbo kwenye simu anitumie kabla hatujapanda juu, kaseti ya babu ilishaoza.