Sindano za insulini zilizotumika nizitupe wapi?

Ndugu zangu, mama yangu hujidunga insulini mara mbili kwa siku, kwa hiyo kila mwezi tunabaki na sindano zipatazo 60 katika nyumba yetu ya kupanga huku Tandika, Dar es Salaam. Jana kijana anayezoa taka alichomwa kidole na sindano iliyotoboa mfuko, nami nikaona haya hata kumtazama usoni. Boksi maalumu la hospitali siwezi kulinunua kila mara. Nifanyeje?

Jibu la 1
Pole sana. Kijana huyo aoshe jeraha kwa maji tiririka na sabuni, bila kulikamua, kisha aende kituo cha afya leo hii, kwani dawa za kinga ya VVU zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72. Kwa sindano, tumia chupa nzito ya sabuni ya maji yenye kifuniko cha kuzungusha. Chupa ya maji ya kunywa ni nyepesi mno.

Jibu la 2
Mimi huitumbukiza sindano papo hapo bila kuirudishia kifuniko, maana hapo ndipo wengi hujichoma. Chupa ikifika robo tatu naifunga kwa selotepu, naandika “sindano, usifungue”, naipeleka zahanati. Ulizeni kwanza kliniki ya mama, kwa kuwa si kila kituo kina tanuri la kuchomea taka.

Muuliza swali
Je, shimo la choo?

Jibu la 2
Hapana. Wanaokuja kunyonya choo nao wana vidole.