Msaada: mihuri miwili ya mawe ya Kichina aliyoacha babu, dalali anataka tumpe hela ya "maabara"

Mjukuu wa Reli
Wakuu, habari za jioni. Anayejua mihuri ya mawe ya Kichina anisaidie kabla familia haijatoa hela.

Babu yangu, Mzee Yohana, alikuwa fundi wa TAZARA kipande cha Mlimba hadi Makambako wakati reli inajengwa, akifanya kazi na Wachina. Kwenye sanduku lake tumekuta mihuri miwili. Mmoja mdogo, wa kijivu chenye ukijani, una herufi nne chini na mstari mfupi wa herufi ubavuni. Mwingine wa manjano, mraba mnene, una simba juu. Kwenye mizani ya duka umefika kama gramu 210.

Dalali mmoja hapa Dar anasema ule wa kijani ni jedi (jade, jiwe gumu la thamani), umeandikwa mwaka 1913 na ni kazi ya Wu Changshuo, mchongaji mihuri maarufu wa China. Wa manjano anauita tianhuang, jiwe la manjano la Kichina, eti una thamani kuliko dhahabu. Anataka milioni moja ya kupima maabara, halafu alete mnunuzi wa milioni 300. Wajomba wameshaanza kuchanga. Picha nimeweka hapo chini.

Fundi wa Tabaka
Mkuu, mimi nachonga jiwe la sabuni huku Kisii. Wachangaji wasimame kwanza.

Angalia picha yako ya tatu, kingo za mistari ya herufi. Zimemegukameguka, na kuna mahali kisu kimeteleza kidogo. Hiyo ni alama ya kisu kilichosukumwa kwa mkono ndani ya jiwe laini. Jedi huwezi kuichonga hivyo. Ni ngumu kuliko kisu cha kawaida, husagwa polepole kwa unga wa mawe makali, na mistari yake hutoka na kingo laini. Kwa hiyo jedi hapo hakuna. Ila msianze kukwaruza kwa msumari ili kuhakikisha, maana jiwe laini likishachubuka limechubuka.

Dada wa Guangzhou
Fundi yuko sahihi. Rangi hiyo inafanana na mawe ya Qingtian, mkoa wa Zhejiang. Wachongaji wa mihuri wanayapenda kwa sababu yanapokea kisu vizuri, na yapo ya bei ya chini kabisa mpaka ya bei ya kutisha. Wenye fani hutaja machimbo makubwa manne: Shoushan kule Fujian, Qingtian, Changhua na Balin. Kujua jiwe limetoka wapi ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni mkono uliochonga.

Sasa mwaka. Ubavuni naona herufi mbili za mwaka zinazosomeka guichou. Kalenda ya zamani ya Kichina huzunguka kila miaka 60, kwa hiyo guichou ni 1913, na ni 1973 vilevile. Dalali amechagua ule unaompendeza. Na 1913 hakuuchagua bure: ndio mwaka Wu Changshuo alipokuwa rais wa kwanza wa Chama cha Mihuri cha Xiling, Hangzhou, kilichoanzishwa 1904. Jina lake limeigwa kwenye mawe yasiyo na idadi. Jina lenyewe ubavuni mwa muhuri wenu silioni.

Naomba picha ya uso wa chini, uigeuze kwenye simu kama inavyoonekana kwenye kioo. Muhuri huchongwa kinyume.

Mjukuu wa Reli
Nimeigeuza, dada. Hiyo hapo.

Dada wa Guangzhou
Ndugu yangu, soma nami. Anza safu ya kulia, juu kwenda chini, kisha ya kushoto. Yuehan zhi yin. Yuehan ndivyo Wachina wanavyoandika Yohana, na yin ni muhuri. Huu ni muhuri wa babu yako. Na kama reli ilijengwa 1970 mpaka 1975, guichou yenu ni 1973, wakati yuko kazini na Wachina.

Sokoni hautawapa milioni 300 wala karibu yake. Lakini mtu aliketi akamchongea mwenzake wa kazi muhuri wa jina lake, tena akauwekea mwaka. Mimi ningekuwa wewe nisingeuza hata kwa bei nzuri.

Mjukuu wa Reli
Nimemsomea mama, amelia. Huu hauuzwi, hata wajomba wamekubali. Sasa ule wa simba?

Mzee wa Minada
Huo nao msiuharakishe, kijana. Tianhuang ya kweli huchimbwa kama kokoto zilizojitenga kwenye udongo wa mashamba ya mpunga, kijijini Shoushan. Huuzwa kwa gramu, ndiyo maana wachongaji wengi huliacha jiwe na umbo lake la asili. Kulikata mraba ni kutupa mali. Mraba wa gramu 210 ni kitu adimu mno, na mawe ya manjano ya kawaida ni mengi. Ndani ya tianhuang hutafutwa mishipa myembamba kama ya figili. Kwenye picha zako naona rangi moja tu, juu mpaka chini. Mulika tochi kwa nyuma. Ukiona viputo vya hewa, hiyo ni plastiki ya kumiminwa.

Bei za kutisha zipo kweli. Muhuri wa Qianlong, mfalme wa China wa zamani, uliuzwa Paris mwaka 2016 kwa euro milioni 21. Ule ulikuwa na historia ya ikulu iliyoandikwa. Nyumba ya mnada inayoheshimika hutazama picha kwanza bila kukudai hela ya maabara, na hulipwa kamisheni kitu kikiuzwa. Anayetaka malipo mbele mpe kwaheri.

Dada wa Guangzhou
Naongeza: msiusugue kwa sabuni wala brashi, na msiupake mafuta. Wino mwekundu uliokauka chini uacheni. Kwa kawaida una zebaki ndani yake, hivyo watoto wasiuchezee, nanyi mnawe mikono. Funga kila muhuri kwa pamba peke yake, mbali na jua.

Na ule wa simba, upande wa kushoto kuna mikwaruzo inayoweza kuwa maandishi. Weka tochi pembeni, mwanga upite juu ya jiwe, upige picha upya.