Vifaranga wa gapi (samaki wadogo wa mapambo) wanakufa siku ya nne na matumbo yamejaa. Tatizo ni maji ya Kigoma?

Gungu_Tangi

Habari zenu wakuu. Jike wa gapi amezaa vifaranga kama thelathini, nimewatenga kwenye ndoo nyeupe ya lita 20. Maji ni ya bomba, yalilala ndoo nyingine wazi kutwa nzima na usiku wake kabla sijawatia. Pampu ya hewa ninayo moja tu na inahudumia tangi kubwa, kwa hiyo kwenye ndoo hakuna kitu. Chakula ni kiini cha yai la kuchemsha, asubuhi, mchana na jioni.

Siku tatu za mwanzo walikuwa wachangamfu kabisa. Sasa kila asubuhi nakuta wanne au watano wamekufa, na waliobaki wako juu juu wanahema haraka, mapezi wameyabana. Matumbo yamejaa, kwa hiyo si njaa. Maji yana ukungu kidogo. Je, maji ya Ziwa Tanganyika tunayopata bombani ni makali kwao? Niweke chumvi? Na lini wanaweza kurudi kwa wazazi?

Mzee wa Kioo (Ujiji)

Pole sana. Maji ya ziwa usiyalaumu. Gapi anapenda maji magumu yenye madini, na maji ya Tanganyika ni ya aina hiyo: pH yake (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji, 7 ikiwa katikati) iko kati ya 8.6 na 9.2 hivi, na joto la juu ya ziwa ni nyuzi 24 mpaka 28, ambalo ndilo gapi analolitaka. Watu wa mikoa mingine wanahangaika kuyatengeneza maji ya namna hiyo, sisi tunayafungulia bombani.

Wanaokufa wanauawa na yai. Kiini hakikai punje punje, kinayeyuka na kuwa maziwa majini. Wanachokula ni kidogo mno, kingine chote kinashuka chini na kuoza, na kikioza kinatoa amonia. Hapa ndipo maji yetu yanapotaka uangalifu kuliko ya kwingine. Amonia majini iko katika hali mbili, moja isiyo na madhara makubwa na moja ya sumu kali, na pH ndiyo inayoamua mgawanyo. Kwa nyuzi 25, maji ya pH 7 yana sehemu ya sumu isiyofika asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8 inakuwa kama asilimia 5. Kwenye pH 9 inapita theluthi. Kwa hiyo uchafu uleule ambao kifaranga wa kwingine angeuvumilia wiki nzima, hapa unamuunguza matamvua kwa usiku mmoja. Kuhema juu ya maji, mapezi kubanwa, tumbo limejaa, maji yana ukungu: ni dalili zake zote. Ndoo yako haina chujio, kwa hiyo hakuna hata bakteria wa kuila hiyo amonia.

Fanya hivi leo. Usiwape chakula mpaka kesho asubuhi, wenye matumbo yaliyojaa hawatadhurika. Chukua mpira wa dripu, ule wa hospitali, mpya, wenye kigurudumu cha kubania. Nyonya uchafu wote wa chini ya ndoo, taratibu, ukimwagia kwenye beseni jeupe ili kifaranga akivutwa umwone na kumrudisha. Toa nusu ya maji. Maji mapya yawe yamelala saa 24 kwenye chombo chenye mdomo mpana na yawe chumba kimoja na ndoo, ili joto lifanane. Yarudishe kwa mpira uleule, kigurudumu umekibana, yadondoke polepole kwa nusu saa hivi. Usimimine kwa jagi, kifaranga wa milimita saba anapigwa na yale maji mpaka chini.

Kesho rudia nusu. Kuanzia keshokutwa toa lita nne kila siku, ukianza na uchafu wa chini.

Chumvi usiweke. Haiondoi amonia, na madini unayo tayari.

Pampu moja inatosha kwa vyombo viwili. Nunua tii ya plastiki na koki mbili ndogo za mpira wa hewa, tawi moja liende kwenye chujio la sponji ndani ya ndoo. Sponji jipya halina bakteria, kwa hiyo likamulie sponji la tangi kubwa juu yake, ndani ya maji ya tangi lenyewe na kamwe si ya bomba, maana klorini inawaua hao bakteria. Maji yatachafuka rangi ya chai kwa saa chache, usiogope. Pampu iwe juu kuliko usawa wa maji, la sivyo umeme ukikatika maji yanarudi kwa mpira na kuingia ndani yake.

DagaaKibirizi

Naunga mkono Mzee kuhusu yai. Kama ni lazima ulitumie, chukua chembe ndogo kuliko kichwa cha kiberiti, ikoroge kwenye nusu kikombe cha maji, wape matone manne matano tu, kisha nusu saa baadaye nyonya chini. Mara mbili kwa wiki, basi.

Chakula bora kiko sokoni Kibirizi na bei yake si kitu. Nunua dagaa wakavu wasiotiwa chumvi, chagua waliokaushwa kwenye chanja. Wa kuanikwa mchangani wana mchanga hata ukiwaosha. Toa vichwa na matumbo, suuza, anika tena jua kali mpaka wavunjike mkononi. Saga, pitisha kwenye chujio la chai, halafu kinachopita kipitishe tena kwenye kitambaa chepesi cha mtandio. Unga unaoutaka ni ule ambao ukipumua karibu unapeperuka. Punje ikiwa kubwa kifaranga anaingiza mdomoni na kuitema, utamwona anarudia rudia, na punje hiyo ndiyo inakwenda kuoza.

Dagaa mtupu hatoshi. Gapi kwa asili anakula na majani laini ya majini, kwa hiyo chemsha mchicha, kamua, anika, saga, changanya sehemu moja ya mchicha na mbili za dagaa. Weka kwenye chupa kavu ndani ya friji. Mafuta ya dagaa yanachacha, ukisikia harufu imebadilika tupa.

Kulisha: mara nne kwa siku, kila mara kile wanachomaliza ndani ya dakika mbili. Kwa vifaranga ishirini na kitu ni unga unaoshika kwenye ncha ya kijiti cha meno, kijiti ukikilowesha kwanza. Ninajua inaonekana kidogo mno. Lakini tumbo la kifaranga halina nafasi zaidi ya hapo. Ukimtazama ubavuni dhidi ya mwanga utaona tumbo lenye rangi ya kahawia au chungwa, limeduara kidogo. Likiwa bapa na linaangaza, ndiyo njaa.

Ukipata mayai ya atemia (vijidudu wa maji ya chumvi wa jamii ya kamba) kutoka Dar, utawapa kitu kizuri kuliko vyote. Lita moja ya maji, gramu 25 za chumvi, ambazo ni kama kijiko kikubwa kimoja na nusu cha kusawazisha, na chumvi ya Uvinza inafanya kazi vizuri. Tia nusu kijiko cha chai cha mayai kwenye chupa ya plastiki iliyogeuzwa, hewa iingie kutoka chini kwa nguvu, taa iwe karibu. Kwa nyuzi 26 hadi 28 yanaanguliwa ndani ya saa 24 mpaka 36. Zima hewa dakika kumi: maganda yanapanda juu, watoto wanashuka na kukimbilia mwanga. Wavute kwa mpira kutoka chini, wachuje kwa kitambaa, wasuuze kwa maji baridi, wape siku hiyohiyo. Maganda yasiingie, yanakwama tumboni mwa kifaranga.

Isevya_Samaki (Tabora)

Niongeze kwa wanaosoma wakiwa huku Tabora, msiinakili hesabu ya Kigoma nzima nzima. Maji ya bomba tunayopata kutoka Ziwa Victoria ni laini, madini yake machache. Amonia kwetu haiui kwa kasi hiyo, ila vifaranga wanakua kwa kusuasua na mapezi ya mkia yanakuwa kama sindano. Dawa yake ni kokoto za chokaa au maganda ya konokono wa baharini yaliyochemshwa, mfuko mdogo wa chandarua wenye konzi moja kwa lita 20, uwekwe karibu na sponji maji yapite juu yake. Madini yanatoka polepole, hakuna mshtuko.

La pili ni baridi. Juni na Julai usiku huku unapoa sana, na chombo kidogo kinapoa haraka kuliko tangi. Chini ya nyuzi 22 kifaranga anapunguza kula na unga unabaki. Msiweke ndoo sakafuni. Meza, kifuniko, blanketi pande tatu, na mlo wa mwisho saa kumi jioni wakati maji bado yana joto.

Gungu_Tangi

Shikamoo Mzee, na asanteni nyote. Nimenyonya chini, uchafu uliotoka ulikuwa wa njano unaonuka kabisa. Nimetoa nusu ya maji na wameanza kushuka kutoka juu. Maswali mawili: nikiweka majani ya majini kutoka ziwani yawe maficho, ni sawa? Na lile la kuwarudisha kwa wazazi.

Mzee wa Kioo (Ujiji)

Marahaba. Majani ya pembezoni mwa ziwa yaache. Yanaleta mabuu ya kereng'ende, ambaye mmoja tu anamaliza vifaranga wote, na yanaleta konokono. Baadhi ya konokono wa ufukweni wanabeba kichocho, na wewe mikono yako iko majini kila siku. Chukua kamba ya nailoni ya kijani, fumua nyuzi zake za urefu wa kiganja, zioshe kwa maji ya moto bila sabuni, zifunge kwenye kipande cha plastiki inayoelea. Vifaranga wanajificha humo na wanadonoa utando unaoota juu yake. Jike akikaribia kuzaa tena, mtumbukizie mafundo matatu ya namna hiyo kwenye tangi kubwa. Utamjua kwa tumbo lililokuwa la pembe na doa jeusi karibu na mkia. Atazaa tena baada ya wiki nne hivi hata kama hakuna dume, kwa sababu anahifadhi mbegu kwa miezi.

Kurudi kwa wazazi usitazame kalenda, tazama mdomo wa mzazi mkubwa kuliko wote. Asiyeweza kumezwa anarudi. Kwa kulishwa vizuri ni sentimita moja na nusu mpaka mbili, wiki ya tano au ya sita.

Ila kabla ya hapo, wiki ya tatu mpaka ya nne, tenganisha madume na majike, la sivyo wataanza kubebeshana mimba wenyewe kwa wenyewe. Tazama pezi la chini nyuma ya tumbo. La jike linabaki pembetatu iliyofunguka kama feni. La dume linaanza kusinyaa na kuelekea nyuma kama kijiti. Rangi usiisubiri, inakuja imechelewa.

Na watakaozidi usimwage ziwani wala kwenye mfereji unaokwenda ziwani, ndugu yangu. Gapi ni wa kaskazini ya Amerika ya Kusini, na sehemu nyingi alikopelekwa kula viluwiluwi vya mbu amejizalia na kubaki. Tanganyika ina samaki zaidi ya mia mbili ambao hawapo kwingine popote duniani. Sangara alivyowapunguza samaki wa asili wa Ziwa Victoria tunajua. Gawia wenzako, au peleka dukani ubadilishe na chakula.

Gungu_Tangi

Nimekuelewa Mzee. Tii nimepata maeneo ya Mwanga hapa Kigoma, sponji linafanya kazi, lakini mapovu ni makubwa na vifaranga wanazungushwa.

DagaaKibirizi

Bana koki mpaka povu moja litoke kila sekunde, yasizidi mawili. Kama bado yanawazungusha, sogeza sponji likae kwenye ukuta wa ndoo, na kile kifundo cha nailoni kifunge upande wa pili ambako maji yametulia.