Naomba ushauri: kupima klorofili ya Ghuba ya Mwanza kwa ufyonzaji wa mwanga

Habari zenu wakuu. Napima klorofili (rangi ya kijani ya mwani) kwenye maji ya Ziwa Victoria, kwa kuangalia inavyofyonza mwanga. Kilele chake cha ufyonzaji kwenye mwanga wa bluu, karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 440, nimekiacha kwa sababu tope na rangi ya chai inayotoka kwenye mimea iliyooza hufyonza mno hapo. Natumia kilele chekundu cha 676: nachora mstari kutoka 650 hadi 715, kisha napima urefu wa kilele juu yake.

Shida huja mwani wa kijani ukitanda. Nikilinganisha na klorofili niliyokamua kwa asetoni, kilele kinanipa pungufu. Nahisi seli zilizoshikana zinakingiana mwanga. Je, siku hizo nitumie mlinganyo tofauti wa kugeuza urefu wa kilele kuwa klorofili, au nitawanye mabonge kwanza? Aliyewahi kukutana na hili anisaidie tafadhali, sampuli hazingoji.