Mrejesho: yule niliyeuliza kama niandike JWTZ kwenye CV

Wakuu habari za saizi, mimi ndo yule niliyeuliza kama kwenye CV niseme nilikua jeshini, JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania), miaka 12 au nikaushe, maana niliogopa mabosi wa uraiani wataona mjeda mkorofi. Asanteni sana aisee.

Nilimfuata aliyesema niache lugha ya kambini, nikafuta koplo na kombania nikaweka nilitunza stoo ya vipuri na dizeli, nilisimamia vijana 9, na kopi ya cheti cha kumaliza utumishi nikaambatanisha, habari za silaha sikugusa. Sehemu mbili nimekwama, moja hapa Dodoma mjini jamaa kasoma CV akacheka eti stoo imejaa ila mlinzi wa geti anahitajika, iliniuma kidogo. Ya tatu ni kiwanda cha alizeti Kizota, mama mwenye kiwanda kaniuliza "we ukikasirika si utapiga watu?" nikamjibu mama mimi napiga hesabu tu, akanipeleka ghalani nihesabu magunia palepale. Nimeanza jumatatu, majaribio miezi mitatu, mshahara kiduchu kuliko nilivyotaka.

Na yule aliyesema nipige buti kiwi siku ya usaili, nilipiga mkuu, ila vumbi la Dodoma lilizimaliza kabla sijafika getini 😂