Maski ikiingia kwenye okteti ya tatu, nitajuaje mtandao unaanzia wapi?

Msomi_wa_Nyumbani

Salaam wanajukwaa. Ninajisomea mitandao ya kompyuta bila mwalimu, na sasa nimefika kwenye kugawanya mtandao katika sabuneti, yaani mitandao midogo ndani ya mkubwa. Nikipewa 192.168.10.0/26 sina shida: biti 26 ni za mtandao, 6 zinabaki kwa vifaa, kwa hiyo kila sabuneti ina anwani 64, na nikiondoa ya kwanza, inayoutambulisha mtandao wenyewe, na ya mwisho, inayotumika kuvitangazia vifaa vyote, zinabaki 62. Ninapokwama ni pale ninapoulizwa 172.16.45.130/20 imo katika mtandao upi. Majibu ya zoezi yanasema 172.16.32.0, nami sioni hiyo 32 imetoka wapi. Je, okteti ya tatu, yaani namba ya tatu kati ya zile nne za anwani, kila moja ikiwa na biti 8, ina kanuni yake?

Waya_na_Biti

Kanuni ni ile ile, ndugu yangu. Nukta tatu zilizomo ndani ya anwani zimewekwa kwa ajili ya macho yetu. Ruta, kifaa kinachounganisha mitandao, husoma biti 32 zilizofuatana. Hesabu biti 20 kutoka kushoto: 16 zinaishia kwenye 172.16, na nne zilizobaki zinaingia ndani ya 45. Sasa iandike 45 kwa sifuri na moja, yaani 00101101. Biti nne za mwanzo, 0010, ni za mtandao na haziguswi, ilhali 1101, pamoja na okteti nzima ya mwisho, ni za vifaa. Zigeuze za vifaa zote kuwa sifuri, nawe utapata 00100000, ambayo ndiyo 32 unayoitafuta. Zigeuze zote kuwa moja, utapata 00101111, yaani 47, kwa hiyo anwani ya mwisho ni 172.16.47.255. Kwa kuwa biti za vifaa ni 12, mtandao huu una anwani 4,096, na unazoweza kuvipa vifaa ni 4,094.

Kuna mtego mmoja hapa. Je, kompyuta inaweza kupewa 172.16.40.0 katika mtandao huu? Inaweza, na hata 172.16.39.255 inaweza, kwa sababu zote mbili ziko katikati ya mtandao. Sifuri au 255 mwishoni mwa anwani haikuambii kitu mpaka uijue maski, yaani biti ngapi za mwanzo ni za mtandao.

Fundi_Swichi

Maelezo hayo ni sahihi, ila kwenye mtihani hutapata muda wa kuandika biti kwa kila swali. Maski ya /20 ikiandikwa kwa okteti, biti 20 za mwanzo zikiwa moja na zilizobaki sifuri, ni 255.255.240.0. Toa 240 katika 256, utapata 16, na huo ndio mruko wa mitandao katika okteti ya tatu: 0, 16, 32, 48 na kuendelea. Kwa kuwa 45 iko baina ya 32 na 48, kazi imekwisha. Hata hivyo, sikushauri uanze na njia hii ya mkato, kwa sababu anayekariri 128, 192, 224, 240 bila kujua zinatokana na nini hupotea mara tu maski inapohamia okteti nyingine. Jaribu 172.16.0.0/12, mojawapo ya safu tatu zilizotengwa kwa mitandao ya ndani katika waraka wa RFC 1918 wa mwaka 1996. Inaishia wapi?

Msomi_wa_Nyumbani

Maski ni 255.240.0.0, mruko ni 16 lakini sasa uko katika okteti ya pili, kwa hiyo safu inaishia 172.31.255.255. Nilikuwa nimeikariri hiyo 31 bila kujua sababu yake. Nina swali jingine: zoezi linataka 192.168.10.0/24 igawiwe maabara ya kompyuta 60, ofisi yenye 25, chumba cha walimu chenye 12, na kiungo cha ruta mbili. Kitabu kinasisitiza kuanza na kundi kubwa. Ni lazima, au ni mazoea tu?

Waya_na_Biti

Itifaki haikulazimishi, lakini sababu ipo. Sabuneti huanzia kwenye kigawe cha ukubwa wake, hivyo ile ya anwani 64 itaanzia 0, 64, 128 au 192 tu. Ukianza na kubwa, maabara itachukua 0 hadi 63 kwa /26, ofisi 64 hadi 95 kwa /27, walimu 96 hadi 111 kwa /28, na kiungo 112 hadi 115 kwa /30. Ukianza na ndogo, kiungo kitachukua 0 hadi 3, walimu wataruka hadi 16, ofisi itaanzia 32 na maabara 64, kwa hiyo utakuwa umefika 127 huku 4 hadi 15 zikibaki kama kiraka. Hapa hasara ni ndogo, lakini safu ikiwa finyu, kundi la mwisho linaweza kukosa nafasi.

Fundi_Swichi

Mimi ningeanza kwa kuitilia shaka /26 ya maabara. Katika zile anwani 62, lango la ruta litachukua moja na kompyuta 60, kwa hiyo itabaki moja tu. Wakileta printa mbili, mpango mzima utapangwa upya. Wape /25, yenye anwani 128, kisha ofisi ianzie 128, walimu 160, na kiungo 176. Vyote bado vinaenea ndani ya /24.